Binti yangu anataka kuomba polisi, ndugu wamekuja juu. Wanawake mliopita huko nipeni ukweli

Mama Nasra wa Tandika

Habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tandika, asubuhi nauza vitumbua na chai karibu na kituo cha daladala. Binti yangu wa kwanza ana miaka 20. Alimaliza kidato cha sita, akaenda JKT kwa mujibu wa sheria, akarudi mtu mwingine. Haamshwi. Jioni ndoo ya mchele uliolowekwa anaipeleka yeye mashineni, akirudi anaanza kufagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Juzi kanikalisha kitako akaniambia, "Mama, zikitoka nafasi za polisi mimi naomba."

Jumapili tukakaa kikao. Mjomba wake, yaani kaka yangu mkubwa, akasema askari wa kike haolewi, na akiolewa hakai. Shangazi yake akasema huko wakubwa wa kazi watamharibu, na kwamba mwanamke hapandi cheo bila kujidhalilisha. Mwingine akaleta habari za rushwa, kwamba mtoto ataletewa laana nyumbani. Baba yake hakusema kitu. Alitazama mkeka tu mpaka watu wakaondoka, na mimi kimya chake ndicho kinachonitia hofu kuliko maneno ya mjomba.

Mimi mwenyewe sijui. Polisi ninaowajua ni wale wanaopita kwenye meza yangu kunywa chai asubuhi wakitoka lindo. Sijawahi kukaa na mwanamke wa kazi hiyo akanieleza maisha yake. Kama yupo humu aliyepita huko, au mwenye dada au mama askari, naomba aniambie bila kunipamba. Nimkatalie au nimwache?

Mzee wa Keko

Dada, nimekaa miaka mingi karibu na kota za polisi. Wanawake wa mle ndani wamezaa, wamelea, wengine wana nyumba zao Chamazi na Kivule. Habari ya kwamba hawaolewi ni maneno ya vijiweni.

Ila jambo moja mfikirie: uhamisho. Mtoto wa dada yangu aliolewa hapa Dar na mtu wa bandarini, baada ya mwaka akapangiwa Katavi. Walikaa mbalimbali miaka mitatu. Ndoa ipo mpaka leo, lakini nauli waliyokula hao watu ingejenga chumba na sebule.

Kijana wa Kitunda

Mama shikamoo. Mimi niliomba mara mbili, ya pili nikaitwa kwenye usaili nikakwama kwenye vipimo vya afya, kwa hiyo utaratibu naujua kidogo.

Nafasi hutangazwa hadharani na maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi la Polisi mtandaoni. Kuomba ni bure. Atakayekupigia simu akasema ana nafasi mbili za mkononi, tuma laki tano, huyo ni tapeli, kata simu. Masharti hubadilika kidogo kila tangazo (umri, urefu, ufaulu), hivyo asome tangazo la mwaka huo asitegemee la zamani. Yasiyobadilika sana ni haya: asiwe ameolewa wala kuwa na mtoto, asiwe na michoro mwilini, na awe tayari kupangiwa popote Tanzania. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA aviandae sasa hivi. Majina kwenye vyeti yafanane herufi kwa herufi, kuna watu wamerudishwa kwa sababu ya "h" moja.

Mama Koplo

Mama Nasra, pole kwa kikao, na hongera kwa kumlea mtoto mpaka akajua anachokitaka. Nimesoma swali lako, nikaweka simu chini, nikapika kwanza, ndipo nimerudi. Sikutaka kukujibu mbiombio.

Nimelitumikia Jeshi la Polisi miaka 35. Niliingia 1988 nikiwa na miaka 20 na nimestaafu kwa hiari 2023 nikiwa Mkaguzi. Jina hili la Mama Koplo nilipewa na watoto wa kota mwaka 1997 niliposhona V mbili kwenye mkono wa shati, na hata nilipovaa nyota hawakulibadilisha. Karibu miaka yote nimekaa hapa hapa Dar es Salaam. Vituo sitavitaja, kwa sababu watu wake wapo.

Nianze na depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi, maana ndiko kunakoogopwa zaidi na ndiko kwenye jambo dogo kuliko yote. Nilitoka Kilosa na sanduku la bati. Tulikwenda Moshi kwa treni ya abiria, tukashuka alfajiri kwenye baridi ambayo mtu wa Kilosa hana nguo yake. Kwata, mbio, kuamshwa usiku, kupiga pasi kaki mpaka mkunjo ukate. Nililia wiki mbili nikiwa nimejiziba mdomo kwa blanketi. Wiki ya tatu nikaacha. Binti yako ameshaonja JKT, atapata wepesi. Sina zaidi hapo.

Kazi yenyewe inaanza ukipangiwa kituo na kuwekwa kaunta, kule tunakoita chaji rumu. Huko ndiko nilikojua kwa nini jeshi linamhitaji mwanamke, na haikuwa kwa sababu ya gwaride. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mwanamke akipekuliwa apekuliwe na mwanamke mwenzake, na kwa staha. Kituo chetu usiku mara nyingi hakikuwa na askari wa kike zamu hiyo. Basi walikuwa wanakuja kota kunigongea. Saa nane, saa tisa usiku: "WP, unahitajika." WP ndivyo anavyoitwa askari wa kike. Mwaka 1991 nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Namfunga mgongoni kwa khanga juu ya sare, natembea mpaka kituoni.

Usiku mmoja nilimpekua mama aliyeletwa kwa tuhuma ya kuiba dukani. Alikuwa amekaa pale saa mbili na askari wanaume, hajibu kitu. Nikampeleka chumba cha nyuma, nikafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Mlikuwa na noti mbili za mia mia na kadi ya kliniki. Nikaisoma ile kadi, mtoto alikuwa na miezi saba. Nikamuuliza, "Huyu yuko wapi?" Akaniangalia mimi, akamwangalia mwanangu mgongoni, ndipo akasema: amemfungia ndani, Mtoni, peke yake tangu jioni. Gari likaondoka saa ile ile. Tuhuma yake ilibaki palepale, haikufutwa na kadi. Lakini mtoto alipatikana mzima, amelia mpaka sauti imekauka.

Nisikilize sasa mama, maana hapa nitakwambia jambo ninalolibeba mpaka leo.

Watu wanadhani kazi ya polisi ni bunduki na pingu. Bunduki nilishika lindo na shabaha. Kitu nilichoshika kila siku kwa miaka 35 ni kalamu. Mtu anakuja na msiba wake mdomoni, wewe unauandika kwenye karatasi, na kuanzia hapo karatasi ndiyo inayosema badala yake. Mpelelezi anaisoma, mwendesha mashtaka anaisoma, wakili wa upande wa pili anaisoma akitafuta tundu. Ukiandika vibaya, umemziba mdomo mtu aliyekuamini.

Mimi niliandika vibaya. Mwaka 2002, nikiwa koplo kitengo cha upelelezi, bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka tisa. Sitaeleza alichofanyiwa na jirani. Mtoto alinieleza kwa maneno yake, taratibu, akichezea kishikizo cha sare ya shule. Mimi nikaona maneno yake ni ya kitoto, hayafai kwenye karatasi ya serikali. Nikayageuza. Nikaandika "aliniingilia kimwili bila ridhaa yangu". Nikajiona nimeandika kisheria, kumbe hata sheria yenyewe sikuwa nimeielewa, kwa sababu kwa mtoto ridhaa haiulizwi kabisa. Nikamsomea. Akaitikia "ndiyo". Mtoto akisomewa na mtu mwenye sare huitikia ndiyo.

Mahakamani akaeleza tena kwa maneno yake, yale yale aliyoniambia mimi. Wakili akayachukua maelezo ya polisi akamuuliza, "Ridhaa ni nini?" Mtoto kimya. "Haya maneno ni yako?" Akatikisa kichwa. Halafu akageuka kunitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma.

Yule mtu aliachiwa. Zilikuwepo kasoro nyingine kwenye jalada, lakini hiyo ya kwangu ilikuwa kubwa. Nje, kwenye ngazi, bibi yake alikuwa anafunga upya fundo la khanga. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, yeye alikwambia vizuri."

Tangu siku hiyo sikumbadilishia mtu neno. Mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya", naandika "alinifanyia tabia mbaya", kisha namuuliza tabia mbaya ni kufanya nini, na jibu lake naliandika hivyo hivyo. Mama wa Kizaramo akisema jambo kwa mafumbo, naandika fumbo lake, chini yake naandika alivyonifafanulia. Wenzangu walinicheka kwamba maelezo yangu ni marefu kama ngano za bibi. Lakini hakuna shahidi wangu mwingine aliyetikisa kichwa mahakamani.

Baadaye, kipindi Said Mwema akiwa IGP, yaani mkuu wa polisi nchini, yakaja Madawati ya Jinsia na Watoto. Kwa mtu wa nje linaonekana jambo la ofisi tu. Kwetu ulikuwa mlango. Kabla ya hapo mwanamke aliyepigwa na mumewe alieleza habari zake kaunta, nyuma yake amesimama kijana aliyepoteza simu na mzee aliyegombea mpaka wa kiwanja. Wote wanasikia. Wengi walifika mpaka pale, wakatazama nyuma, wakasema "nimekuja kuulizia njia", wakaondoka. Nilipopewa dawati, kitu cha kwanza nilichoomba ni kitasa kinachofunga. Cha pili mkeka, kwa sababu watoto hawasemi wakiwa wamekaa kwenye kiti ambacho miguu yao haifiki chini.

Na wote mnaosoma hapa, hili lisiwapite: mtu akibakwa, asioge, asifue nguo, awahi kituoni na hospitali. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Nimewapokea waliokuja siku ya tano kwa sababu kikao cha ukoo kilikuwa hakijaisha.

Sasa maswali ya kikaoni kwako.

Ndoa. Niliandika barua ya kuomba kibali, nikaolewa 1990 na mwalimu wa shule ya msingi. Tumekaa naye mpaka Mungu alipomchukua 2017. Aliyenisumbua si yeye, ni mama yake. Hakupenda nimpakulie chakula siku niliyotoka kazini, alisema mikono yangu imeshika maiti. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeshika, ajali za barabara ya Kilwa zilikuwa hazihesabiki. Hali hiyo ilikwenda miaka na miaka. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, yeye alikuwa anaishi upande huo. Watu walikimbia usiku kucha, maelfu wakafikia Uwanja wa Uhuru. Mimi nilikuwa pale na daftari, naandika watoto waliopotezana na wazazi. Mtoto wa miaka minne hajui jina la baba yake, anajua "kwetu kuna mlango wa bluu na bibi anauza barafu". Naandika: mlango wa bluu, bibi, barafu. Kwenye mambo kama hayo ndipo mama mmoja alipomtambua wa kwake, nilipokuwa nayasoma kwa sauti. Asubuhi nikasikia mtu amekaa karibu yangu. Ni mama mkwe, miguu imejaa vumbi, hana viatu. Akanipokea mtoto niliyekuwa nimempakata ili niandike vizuri. Hatukuongea habari za mikono tena.

Wakubwa wa kazi. Shangazi hakusema uongo, na nisingekuwa nimekutendea haki kama ningekwambia hayapo. Mkubwa mmoja aliniambia wazi kwamba nikitaka kwenda kozi ya koplo nijue pa kupita. Sikupita. Kozi ile niliichelewa miaka minne, wenzangu wa depo moja wakanitangulia na mimi nikawapigia saluti. Iliniuma, na nikiikumbuka inaniuma sasa hivi. Aliyenisaidia ni dada mmoja wa zamani kazini. Alinifundisha niandike kila ombi langu, nibaki na nakala, na nikiitwa ofisini niache mlango wazi. Siku hizi rushwa ya ngono ni kosa lililoandikwa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na upo Mtandao wa Polisi Wanawake, TPF-NET, ambao binti akifika atafute watu wake mapema, asisubiri mpaka maji yafike shingoni. Na mwambie mjomba kwamba Suzan Kaganda alikuwa Kamanda wa Polisi wa Kinondoni hapa hapa mjini, kisha akafika Kamishna.

Rushwa ya pesa nayo ipo. Nilifuga kuku nyuma ya kota miaka kumi na tatu, ndiyo ada ya watoto wangu ilikotoka. Askari anayeishi kwa mshahara na kuku hupata usingizi.

Nimkatalie au nimwache, umeuliza. Mimi ningemuuliza yeye swali moja kwanza: anaweza kumsikiliza mtu mpaka mwisho bila kumkatiza? Kama anaweza, mwache aende.

Dereva wa Mbagala

Mama Koplo heshima yako, nimekusoma mpaka nimepitisha kituo cha abiria. Lakini naomba niseme. Mwaka jana niliibiwa pikipiki. Nilipoenda kutoa taarifa, kituo sikitaji, niliambiwa nikanunue karatasi, halafu niwape askari hela ya mafuta wakafuatilie. Pikipiki sikuiona na hela sikuiona. Mtu akiniambia mwanangu aende huko, roho inasita.

Mama Koplo

Dereva, pole sana. Una haki ya kuumia na sitamtetea aliyekufanyia hivyo. Kuandikiwa taarifa na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, hakulipiwi. Ukiombwa hela muulize askari jina lake, nenda kwa mkuu wa kituo, ukikwama nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, haikati salio. Najua unachofikiri, kwamba ni maneno. Mimi nimekaa upande wa pili wa kaunta hiyo na nimeona askari wakipoteza kazi kwa sababu raia mmoja aliandika jina, tarehe na saa.

Na kusita kwako ndiko kunakonifanya nitake binti wa Mama Nasra aende. Aliyechukua hela yako alikalia kiti. Kiti kile lazima akae mtu.

Mama Nasra wa Tandika

Mama Koplo, sina la kukulipa. Nimemsomea baba yake ujumbe wako wote, tukiwa chumbani, taa imezimwa, kwa mwanga wa simu. Nilipofika pale kwenye ngazi za mahakama akaniambia nirudie. Nikarudia. Ndipo akanieleza jambo ambalo katika ndoa yetu ya miaka 22 hakuwahi kunieleza. Dada yake mdogo alipigwa na mumewe mpaka akavunjika mkono, yeye ndiye aliyemsindikiza kituoni, ni zamani kabla ya hayo madawati. Dada yake alipoona foleni ya wanaume akasema ameanguka bombani. Wakarudi nyumbani. Alirudi kwa mume huyo huyo.

Kumbe Jumapili alikuwa anamfikiria dada yake.

Binti anaomba akuulize mwenyewe, anatumia simu yangu.

Mama Nasra wa Tandika

Shikamoo mama. Mimi ndiye Nasra. Nimesoma kila kitu. Kila asubuhi nakimbia kutoka hapa Tandika mpaka Uwanja wa Mkapa na kurudi. Vyeti nimeviweka kwenye bahasha, majina yanafanana. Wakati nasubiri tangazo, kuna kitu gani kingine nifanye ambacho kitanisaidia kweli? Na lile swali lako la kusikiliza bila kumkatiza mtu, mama anasema mimi nakatiza.

Mama Koplo

Marahaba mwanangu. Mbio endelea nazo, usiache hata siku ya mvua.

Chukua daftari. Mtafute mtu mzima hapo nyumbani, akusimulie jambo moja lililompata, dogo tu. Usimkatize. Akinyamaza, na wewe nyamaza, usimsaidie neno. Akimaliza andika kama alivyosema, kwa mdomo wake, usimpambe wala usimfupishie. Kisha msomee polepole. Neno akilikataa, usilifute likapotea: likate kwa mstari mmoja linaloonekana, aweke saini yake pembeni, uandike lile alilosema. Kama hajui kuandika, aweke dole gumba. Fanya na mtu mmoja kila wiki. Ukifika depo watakufundisha fomu, lakini sikio utakwenda nalo kutoka nyumbani.

Na anayekatiza hujifunza. Mimi nilikuwa nakatiza.

Mama Nasra wa Tandika

Nawaletea habari. Tangu saa kumi jioni amemkalisha bibi yake barazani. Bibi anasimulia siku aliyoumia goti akishuka kwenye daladala ya Kariakoo, mambo ya 2015. Nasra ameandika ukurasa mzima, hakukatiza hata mara moja, nilikuwa namtazama nikiosha vyombo. Akaanza kumsomea. Alipofika "nilianguka kutokana na mwendo wa gari", bibi akamzuia mkono.

"Sikuanguka mimi. Nilidondoshwa."

Amekata kwa mstari mmoja, bibi ameweka dole, wino tumetumia wa kalamu iliyovunjika. Sasa wanaendelea. Giza limeingia, baba yake ametoka na taa na kiti chake, amekaa nao pale.

Bibi amekataa na neno la pili.